Mbawakawa wa Ardhini Katika Misitu ya Kale: Namna ya Kuwapambanua, na Ushahidi Wanaoutoa

Watu wengi wakiulizwa msitu ni nini, hujibu kwamba ni mahali penye miti mingi. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Kama lingetosha, mtu angeweza kuukata msitu wa kale wa mlimani, akapanda mikaratusi au misaji mahali pale pale, na baada ya miaka 20 akawaambia wenyeji, "Msitu wenu nimeurudisha." Je, atakuwa amesema kweli?

Katika somo hili tutamwita shahidi atujibu swali hilo. Shahidi huyu ni mdogo, pengine mdogo kuliko punje ya mtama. Hana sauti, wala mpita njia hamwoni. Ni mbawakawa wa ardhini, yule akaaye katika majani yaliyooza chini ya miti mikubwa. Lakini ushahidi wake haufahamiki ila kwa mtu aliyejifunza kumpambanua na wenzake. Kwa hiyo yatupasa kujifunza kwanza jinsi wadudu hawa wanavyopambanuliwa, kisha tutasikiliza wasemalo.

MBAWAKAWA NI MDUDU GANI

Kila msomaji amekwisha kuwaona mbawakawa, ijapokuwa huenda hakujua kwamba ni jamaa moja. Dundu arukaye usiku akajigonga taani ni mbawakawa. Kimulimuli ni mbawakawa. Fukusi aharibuye mahindi ghalani ni mbawakawa, na yule afingirishaye donge la mavi ya ng'ombe njiani ni mbawakawa pia. Wote wana miguu 6, na miili yao ina sehemu 3, yaani kichwa, kidari na tumbo. Alama yao kuu ni mabawa. Mdudu huyu ana mabawa 4, lakini mawili ya mbele si ya kurukia. Yamekuwa magumu kama gamba, nayo huyafunika mawili ya nyuma yaliyo membamba, kama ala iufunikavyo upanga. Kwa sababu hiyo wataalamu huwaita Koleoptera, jina litokalo katika Kiyunani, na maana yake ni mabawa yaliyo katika ala.

Maisha yao yana daraja nne. Kwanza yai, pili buu, ambaye hana sura ya mzazi wake hata kidogo, tatu hulala kimya bila kula huku mwili ukigeuzwa, na nne hutoka mbawakawa mzima, ambaye hakui tena. Neno hili la mwisho lafaa kukumbukwa sana. Mtu akimwona mbawakawa mdogo na mwingine mkubwa, asidhani kwamba mdogo ni mtoto wa mkubwa. Kila mmoja amekwisha kutimia.

Katika viumbe vyote hapana kundi la wanyama lililopewa majina mengi kuliko hili: aina zilizokwisha kuandikwa zapita 350,000. Wengine ni wakubwa wa kujaza kiganja, na wengine ni wadogo mno. Mdogo kuliko wote wajulikanao huitwa Scydosella musawasensis, naye huishi katika uyoga huko Nikaragua na Kolombia. Katika mwaka 2015 ilitangazwa kwamba mmoja wao alipimwa, akaonekana kuwa na urefu wa milimita 0.325. Wadudu watatu wa kipimo hicho wakipangwa mstari mmoja hawatimizi milimita 1. Na hata hivyo kila mmoja ana macho, miguu, matumbo na ubongo.

TANDIKO LA MAJANI

Chini ya msitu wa kale pana tandiko la majani, vijiti, maganda na magogo yaozayo. Juu majani bado ni mazima; chini yake yamelegea na kufungwa pamoja na nyuzi nyeupe za ukungu; na chini kabisa yamekuwa mboji nyeusi iliyochangamana na udongo. Tandiko hili huipokea mvua kwa upole, likaizuia isichimbe udongo, na maji yakapata nafasi ya kuzama pole pole kuelekea chemchemi. Wakaao karibu na milima wanajua tofauti ya kijito kitokacho katika msitu na kijito kitokacho katika mlima uliochomwa moto.

Ndani ya tandiko hilo mbawakawa wengi hufanya kazi zao. Wengine huwinda wadudu wadogo kuliko wao. Wengine hula ukungu na uyoga, na wengine hula mbao zilizooza na mizizi. Hivyo jani lililoanguka huvunjwa vunjwa na viumbe vingi, hata likawa chakula cha mti tena. Mahali penye giza, unyevu na baridi isiyobadilika, wadudu hawa hupata kila wakitakacho karibu nao. Jambo hilo, kama tutakavyoona, limewagharimu wengi wao mabawa.

NAMNA YA KUWAPATA

Mwalimu atakaye kuwaonyesha wanafunzi wake wadudu hawa hahitaji vyombo vya gharama. Lakini kwanza na aombe ruhusa. Msitu wa hifadhi una sheria zake, na si halali kuchukua kitu ndani yake, hata mdudu, bila idhini ya Bwana Misitu na wenye mamlaka. Shule nyingi zaweza kuanza na majani yaliyorundikana chini ya miti ya zamani iliyo karibu na kijiji.

Twaa chekeche yenye matundu ya ukubwa wa sentimita 1. Kusanya majani kwa mti au koleo, si kwa mkono mtupu, maana nge na nyoka hukaa humo. Chekecha majani hayo juu ya mfuko wa kitambaa. Makubwa hubaki juu, na vumbi la majani pamoja na wadudu huanguka chini. Makubwa yarudishe pale pale ulipoyatoa, uyatandaze kama yalivyokuwa.

Vumbi hilo likisha kupatikana, litie katika kifuko cha wavu, ukitundike kifuko hicho ndani ya mfuko mwingine wa kitambaa uliofungwa juu, na ambao chini umefungiwa chupa yenye spiriti. Uache ndani ya nyumba muda wa siku tatu. Majani yanapokauka, wadudu huhangaika wakitafuta unyevu, hutoka katika wavu, nao huanguka chupani. Njia hii haihitaji moto wala umeme.

Iko njia nyingine, ya faneli. Mwitaliano mmoja, Bwana Antonio Berlese, aliitangaza katika mwaka 1905: majani huwekwa juu ya wavu mdomoni mwa faneli, na joto huwafukuza wadudu waelekee chini. Katika mwaka 1918 Bwana Albert Tullgren wa Uswidi aliitengeneza upya kwa kutia taa juu yake. Hata leo vyombo hivyo hutumiwa ulimwenguni kote, navyo huitwa kwa majina ya mabwana hao wawili.

Wadudu wakisha kupatikana, iko kazi moja ambayo mtu asipoifanya, kazi nyingine zote zimepotea bure. Nayo ni kuandika karatasi ndogo ya habari: mahali, kimo cha mlima, tarehe, jina la aliyemkamata, na alipokutwa, kama ni majanini au chini ya gogo. Iandikwe kwa penseli, maana wino wa kawaida huyeyuka katika spiriti, kisha itiwe ndani ya chupa pamoja na mdudu. Mdudu asiye na karatasi hii ni kama barua isiyo na jina la mwandishi wala la mji. Huenda ina habari kubwa, lakini hapana ajuaye yatoka wapi.

HATUA ZA KUPAMBANUA

Sasa mimina wadudu katika sahani nyeupe, utwae kioo cha kukuzia. Tuwatazame kwa taratibu, hatua kwa hatua, wala tusirukie jina kabla ya kutazama.

Hatua ya kwanza ni kuwatenga mbawakawa na wasio mbawakawa. Mwenye miguu 8 ni wa jamaa ya buibui na papasi, mweke kando. Mwenye kiuno chembamba na asiye na magamba mgongoni huenda ni siafu au chungu. Mwenye mabawa yaliyopandana mgongoni kama ncha za shuka, na mdomo kama sindano, ni wa jamaa ya kunguni. Mwenye koleo mkiani si mbawakawa, hata kama ana mabawa mafupi magumu. Mbawakawa magamba yake mawili hukutana katikati ya mgongo kwa mstari mmoja ulionyoka.

Hatua ya pili ni kumgeuza chali na kutazama mashina ya miguu ya nyuma. Katika kundi moja kubwa, mashina hayo yameshikamana kabisa na mwili, nayo huikata pingili ya kwanza ya tumbo ikawa vipande viwili. Hao ni kundi la Adefaga, na wengi wao ni wawindaji. Katika kundi lililo kubwa zaidi, liitwalo Polifaga, pingili hiyo haikukatwa hivyo. Yako makundi mengine mawili madogo, lakini mwanafunzi hakutani nayo mara nyingi.

Hatua ya tatu ni vipapasio. Vilivyo kama uzi, vyenye pingili 11, juu ya mdudu mwenye miguu ya kukimbia na taya kali, mara nyingi huonyesha mbawakawa mwindaji wa ukoo wa Carabidae. Vikiwa vimepindika kama kiwiko, vina rungu mwishoni, navyo vimetoka katika pua ndefu, huyo ni wa ukoo wa fukusi, yaani Curculionidae. Vikiisha kwa vipande vilivyotandazwa kama kurasa za kitabu, huyo ni ndugu wa wale wafingirishao mavi.

Hatua ya nne ni urefu wa magamba. Yakiwa mafupi sana, na sehemu kubwa ya tumbo ikaonekana wazi, huyo ni wa ukoo wa Staphylinidae. Katika ukoo huo mna tawi liitwalo Pselaphinae, wadudu wafupi wenye rungu katika vipapasio, na wengi wao hawapiti milimita 3. Baadhi yao huishi pamoja na chungu, wakalindwa katika nyumba isiyo yao.

Hatua ya tano ni kuhesabu pingili za nyayo, kwa miguu ya mbele, ya kati na ya nyuma. Wengi wana 5, 5 na 5. Wengine wana 5, 5 na 4. Hapa jihadhari. Mguu wa fukusi huonekana kuwa na pingili 4 tu, lakini iko ya tano ndogo iliyofichwa katikati ya nyingine. Aliyehesabu kwa haraka amekwisha kupotea.

Kwa hatua hizi mwanafunzi mwangalifu aweza kumfikisha mdudu katika ukoo wake. Kupita hapo, kazi ni ya hadubini.

NDUGU NA WAFANANAO

Wazee wetu wanajua kwamba kufanana si udugu. Watu wawili waweza kuwa na sura moja na hawana babu mmoja. Na ndugu wa tumbo moja waweza kutofautiana kwa urefu na rangi. Katika jambo la mbawakawa wa ardhini neno hili ni zito sana, kwa sababu maisha ya gizani huwafananisha wasio ndugu.

Mbawakawa akaaye katika tandiko la msitu kwa vizazi vingi hana haja ya kuruka. Chakula chake ki karibu, na mwenzi wake pia. Mabawa na nyama za kuyaendesha hutaka chakula kingi; basi aliyezaliwa na mabawa madogo hakupata hasara, bali pengine alizidi kwa mayai. Kizazi baada ya kizazi mabawa ya kurukia hupungua, hata kutoweka. Mabega ya magamba huwa ya mviringo, kwa kuwa hapana tena nyama za kurukia chini yake. Katika wengine magamba mawili hushikamana kabisa. Wakaao chini zaidi hupungukiwa na macho na rangi. Mambo haya yametokea mara nyingi, katika koo mbalimbali na nchi mbalimbali. Kwa hiyo aliyewaweka katika fungu moja wote wasio na mabawa, wenye macho madogo na mabega ya mviringo, amewachanganya wageni na ndugu.

Ili kuepuka kosa hilo, wataalamu hutafuta alama ambazo maisha ya gizani hayazigeuzi upesi. Moja ni kiungo cha uzazi cha dume, kilicho ndani ya tumbo. Mara nyingi wadudu wawili ambao kwa nje hawatofautiani hata kidogo huonekana kuwa mbalimbali kabisa kiungo hicho kitazamwapo kwa hadubini. Bwana René Jeannel, Mfaransa, ambaye pamoja na Bwana Charles Alluaud alisafiri Afrika ya Mashariki katika miaka 1911 na 1912 akikusanya wadudu wa milimani na wa mapangoni, aliitumia sana alama hii. Na katika mwaka 1955 alichapisha kitabu kizima juu yake.

Alama nyingine ni vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kila kiumbe. Tangu mwaka 2003, kwa shauri la Bwana Paul Hebert wa Kanada na wenzake, wataalamu wengi husoma kipande kimoja kifupi cha maandishi hayo, chenye herufi karibu 650, wakalinganisha mdudu na mdudu. Kwa njia hii hata buu, ambaye hafanani na mzazi wake, aweza kujulikana ni wa nani. Lakini vinasaba havikuiondoa kazi ya macho. Maandishi hayo yasipolinganishwa na mdudu aliyekwisha kutambuliwa barabara, hayatoi jina.

JINA NA SHAHIDI WA JINA

Kila aina ya mbawakawa ikitambuliwa hupewa jina la maneno mawili. La kwanza ni jina la jenasi, kama jina la mlango wa ukoo. La pili ni la aina yenyewe, yaani spishi. Desturi hii kwa wanyama wote huhesabiwa kuanzia mwaka 1758, mwaka wa chapa ya kumi ya kitabu cha Bwana Linnaeus wa Uswidi. Watu wawili wakimpa mdudu mmoja majina mawili, kwa kawaida lililotangulia kuchapishwa ndilo lishindalo.

Zaidi ya hayo, mwenye kutoa jina hana budi kumchagua mdudu mmoja awe shahidi wa jina hilo. Mdudu huyo huwekwa katika nyumba ya makumbusho pamoja na karatasi yake ya habari, na hata baada ya miaka 200 mwenye shaka aweza kwenda kumtazama. Ni kama jiwe la mpaka wa mashamba. Maneno yaweza kubishaniwa, lakini jiwe lipo. Hapo twaona tena kwa nini karatasi ya mwanafunzi, iliyoandikwa kwa penseli, ina thamani.

USHAHIDI WA MILIMA

Sasa na turudi kwa shahidi wetu. Kutoka vilima vya Taita huko Kenya, na kushuka Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho hata Udzungwa katika Tanzania, pana safu ya milima ya kale sana. Pepo za Bahari ya Hindi huileta mvua na ukungu, na misitu yake imedumu muda ambao wataalamu huuhesabu kwa mamilioni ya miaka. Kilimanjaro, ijapokuwa ni mrefu kupita yote, ni kijana mbele yao. Ni mlima wa moto, ulioanza kujengeka yapata miaka milioni 2 na nusu iliyopita.

Kati ya mlima na mlima pana nchi ya chini yenye joto, nyasi na ukavu. Ndege hupita; mbegu huchukuliwa na upepo; na mtu husafiri kwa gari asubuhi akafika jioni. Lakini mbawakawa asiye na mabawa, aliyezoea unyevu wa majani, hawezi kuivuka nchi ile. Kwake yeye milima hii ni visiwa, na nyika ni bahari isiyo na jahazi.

Katika mwaka 2017 Bwana Vasily Grebennikov wa Kanada aliandika habari za fukusi wasioweza kuruka, waliokusanywa kwa kuchekecha majani katika misitu hii. Aliwapa jenasi mpya, Lupangus, nayo ina aina tatu: Lupangus asterius wa Usambara ya Mashariki, Lupangus jason wa Uluguru, na Lupangus orpheus wa Udzungwa. Aina tatu, milima mitatu. Kila mmoja na kwao. Wote ni ndugu, jambo lionyeshalo kwamba zamani walikuwa na babu mmoja. Na kila mmoja amekuwa mbali na wenzake muda mrefu hata akawa aina yake peke yake.

Msomaji na aone sasa uzito wa jambo hili. Kama mtu angewatazama fukusi hao kwa haraka, angesema, "Ni wale wale," na mlima mmoja ukikatwa angejifariji kwamba wamebaki katika mlima wa pili. Lakini walipopambanuliwa vizuri ilionekana kwamba si wale wale. Msitu wa Uluguru ukiisha, fukusi wa Uluguru amekwisha. Hapana wa kumleta kutoka Usambara, maana wa Usambara ni mwingine. Hasara hii hailipiki kwa fedha wala kwa miche.

JAWABU LA SWALI LETU

Basi, yule aliyekata msitu wa kale akapanda mikaratusi, je, ameurudisha? Shahidi amekwisha kujibu. Miti yaweza kupandwa, na kupanda miti ni kazi njema; hutupa kuni, nguzo na mbao, ikaupunguzia msitu wa kale mzigo. Lakini tandiko la majani halipandwi, na mdudu asiye na mabawa haji kwa kuitwa. Akikosa unyevu na kivuli kwa msimu mmoja tu, aweza kufa; na kwa kuwa hawezi kutembea mbali, hakuna wa kushika mahali pake. Ndiyo sababu mahali anapokutwa mbawakawa wa namna hii kwa wingi, yeye hutujulisha kwamba msitu ule umekaa pale muda mrefu bila kukatika. Miti mirefu yaweza kutudanganya umri wake. Mkaaji huyu wa majanini si rahisi kumshuhudisha uongo.

Serikali mbalimbali zimeyatambua mambo haya kwa kadiri yao. Huko Amani, Usambara ya Mashariki, Wadachi walianzisha kituo cha utafiti katika mwaka 1902. Na katika mwaka 1997 msitu wa pale uliwekwa kuwa Hifadhi ya Asili. Lakini askari wa misitu hawawezi kuwa kila mahali, na misitu mingi midogo iko mikononi mwa vijiji. Ninyi wakuu wa vijiji, walimu na wazee, ndio mnaokaa karibu nayo. Tunawaomba mfikiri mambo machache haya.

La kwanza, moto. Moto wa chini upitao upesi waweza kuiacha miti ikiwa mizima, na mtazamaji akasema hapana kilichoharibika. Kumbe tandiko lote limeteketea pamoja na wakaaji wake. Njia ya kuzuia moto katikati ya mashamba na msitu ilimwe kabla ya kiangazi.

La pili, magogo. Gogo lililoanguka ndani ya msitu wa kale si takataka. Ni nyumba na ghala la viumbe vingi. Magogo yote yakiondolewa, nyumba hizo zimebomolewa.

La tatu, usafi. Kufagia majani chini ya miti ya msitu, kana kwamba ni uwanja wa nyumba, ni kuuvua msitu nguo. Uwanja wa shule na ufagiwe. Msitu na uachwe na majani yake.

La nne, msitu mdogo usidharauliwe. Mahali palipoachwa na wazee bila kukatwa, hata pakiwa padogo, huenda pamehifadhi kitu kisichopatikana kwingine. Kabla ya kupakata, na waulizwe kwanza wajuao.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Mbawakawa hupambanuliwa na jamaa ya kunguni kwa alama gani za mabawa na mdomo?
2. Kwa nini mbawakawa mdogo si mtoto wa mbawakawa mkubwa?
3. Taja alama mbili ambazo wataalamu hutumia ili wasiwachanganye wafananao na ndugu.
4. Karatasi ya habari iandikwe nini, na kwa nini kwa penseli?
5. Fukusi wa Uluguru na fukusi wa Usambara wametengwa na kitu gani?
6. Mtu akisema, "Tukate msitu huu wa kale, tutapanda mwingine," utamjibu nini, na utamwita nani awe shahidi wako?